Bi. Romana, Mshika Ufunguo wa Daraja la Nakitwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Romana Ngalinda, mwangalizi wa Daraja la Mto Nakitwe, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kazi ya kuandika wasifu huu nimetwishwa mimi, dereva wa greda, baada ya wenzangu wote wenye kalamu nzuri kujifanya wana mafua. Mkikuta lugha imekwaruza mahali, nivumilieni, nimezoea kukwangua barabara.

Bi. Romana alianza kama kibarua wa kumwaga kokoto kwenye barabara ya Sudi, mwanamke peke yake katika kundi la wanaume walioapa kwamba hatamaliza wiki. Aliimaliza. Baadhi ya walioapa ndio waliotoroka. Alipoajiriwa alipelekwa karakana, na baadaye akaletwa huku milimani Kilwa kuangalia daraja la Nakitwe, lile la chuma na mbao, ambalo lilikuwa limeshachoka kabla yeye hajafika. Kazi yake ilikuwa kukaza nati, kubadilisha mbao zilizooza, kurudisha malori yaliyozidisha mzigo na kufunga njia mto unapofurika.

Utaratibu tunaoufuata mpaka leo ni wake. Basi likifika linasimama, abiria wanashuka na kuvuka kwa miguu, wachache wachache, halafu basi linafuata tupu. Mkubwa mmoja kutoka mjini alikataa kushuka garini, akidai ana haraka. Bi. Romana alimwamkia kwa adabu zote, akamletea kigoda na machungwa ya kumenya, akamwomba akae hapo mpaka haraka ipoe. Mkubwa aliyala machungwa, kisha akavuka kwa miguu kama sisi. “Daraja hili ni bibi yangu,” Bi. Romana alikuwa akitwambia. “Humpandi mgongoni ukoo mzima kwa mara moja.”

Kingine kinachomtambulisha ni utani. Yeye ni Mngindo, wenyeji wa hapa ni Wamatumbi, na mimi Mmwera, kwa hiyo tumezungukwa na watani kila upande. Kwa faida ya wageni wa sherehe hii niseme kwamba huku kwetu mtani ana haki zake msibani. Anaweza kulala njiani mbele ya jeneza, akamsema marehemu vibaya na kudai faini, na msafara hauendi mpaka alipwe. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, amemwaibisha maiti wake mbele ya watu. Bi. Romana hakuwahi kuiacha haki hiyo ipotee bure, na wengi mliomo humu ukumbini mmeshamlipa.

Sasa nije kwenye mwaka juzi, ingawa wenzangu walinishauri niuruke. Siwezi kuuruka. Mradi wa daraja jipya ulitangazwa, tukashangilia, kisha tukaambiwa kwamba kila anayevuka atalipa tozo, na tozo itaanza kutozwa kwenye daraja lilelile bovu ili kuchangia jipya. Kwenye mkutano wa hadhara alisimama Mzee Kondo Mbonde, mkulima wa korosho, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alisema daraja jipya wanalitaka, hata kesho. “Lakini mashamba yetu yapo ng’ambo, na makaburi yetu yapo ng’ambo. Mnataka nilipie njia ya kwenda kumzuru mama yangu? Wallahi silipi, niwe mzima, niwe maiti.” Watu walimshangilia mpaka mkutano ukavunjika. Mradi nao ulikuwa na hoja yake, kwamba bila tozo hakuna daraja, na la zamani haliwezi kumaliza masika nyingi.

Kile kizuizi cha kurudisha malori, ule mtambo wa bomba la chuma na kufuli, kikageuzwa cha kuzuia kila mtu. Bi. Romana akapewa amri kwamba asiyelipa asipite, na akivunja amri hiyo kazi hana na kiinua mgongo chake kitajadiliwa upya. Majirani wakaacha kumsalimia. Sokoni aliambiwa mihogo imekwisha huku rundo likiwa mbele ya macho yake. Niliona uso wake siku ile na roho iliniuma. Hata hivyo alikuwa akiwapitisha vikongwe bila malipo, jambo ambalo kila mtu alilijua, na ndiyo maana msimamizi wa mradi, Injinia Benjamin, alimnyang’anya ufunguo wa kufuli akawa anautunza mwenyewe.

Hazikupita wiki nyingi, Mzee Kondo akafariki.

Mimi nilikuwepo siku ya maziko, nimeegesha greda kando ya mto. Nakitwe ilikuwa imejaa, maji mekundu yakigonga nguzo, na baadhi ya mbao za daraja zilikuwa zinasubiri kubadilishwa. Baada ya swala ya adhuhuri jeneza likateremka mlimani, na nyuma yake umati ambao sijauona tena. Mbele alikuwa Hussen, mtoto mkubwa wa marehemu, mtarimbo mkononi. Vijana waliomfuata walikuwa na mapanga na mitarimbo yao. Walikuja kuzika, na walikuja kung’oa kizuizi. Walinzi wa mradi walishika virungu. Injinia Benjamin alipaza sauti kwamba daraja halihimili umati, na hapo alisema kweli tupu, lakini ukweli ukitoka kwa mtu aliyeshika ufunguo wa tozo nani ausikilize? Wote wangeingia darajani kwa pamoja, wakisukumana, na maiti mabegani. Nilishuka kwenye greda.

Ndipo Bi. Romana alipojitupa chali katikati ya barabara, mbele ya jeneza, na sare yake ya kazi.

“Kondo, we mchoyo wee!” alipiga kelele. “Chungwa moja hukuwahi kunipa, leo unataka kunipita kimyakimya? Hapiti mtu hapa! Wangindo tumekataa!”

Umati ulisimama. Mzee mmoja nyuma akacheka bila kutaka, kisha akajifunika mdomo. Bi. Romana akaendelea kumsema marehemu, pua yake, ubahili wake, kofia yake iliyoshonwa enzi za babu, na wabebaji wakabaki na jeneza mabegani, kwa sababu mtani akilala njiani huvuki juu yake.

Injinia Benjamin ni mtoto wa kanda nyingine. Utani anaujua, ila ule wa harusini na wa ofisini. Huu wa msibani hakuwahi kuuona. Aliona mtumishi wake amelala mbele ya kizuizi akimtukana kiongozi wa wapinzani, akaamini kabisa kwamba mama huyu amesimama upande wa mradi. Simu haishiki pale mtoni, inashika juu ya kilima tu, na alitaka kuita askari. Akainama, akamwambia, “Asante, mama. Washikilie hapohapo.” Akamwachia ufunguo kiganjani aulinde, akakimbilia kilimani.

Bi. Romana aliutazama ufunguo, akakaa kitako, akajipangusa vumbi. Kisha akataja faini. Mapanga na mitarimbo yote iwekwe miguuni pake. Kondo avuke na wabebaji peke yao. Wengine wafuate wachache wachache kama abiria wa basi, na atakayemsukuma mwenziwe atarudi nyumbani bila kuzika.

Hakuna aliyetikisika. Hussen alikuwa na macho mekundu, na mtarimbo ulikuwa bado mkononi mwake. Kwake yeye, kizuizi kile ndicho kilichomuua baba, kwa kumtenga na shamba lake na kaburi la mama yake. Bi. Romana alimtazama bila kupepesa, na safari hii hakupiga kelele. “Mwanangu, mimi ni mtani wa baba yako. Unanikasirikia mbele yake?”

Hussen aligeuka akaliangalia jeneza, akaliangalia muda mrefu. Akaweka mtarimbo chini, na wenzake wakaweka ya kwao. Bi. Romana akafungua kufuli, akainua bomba.

Wabebaji walikuwa wamefika katikati ya daraja ubao mmoja ulipokatika nyuma yao. Tuliusikia, kisha tukauona ukienda na maji. Umati wote ukarudi hatua nyuma. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa asisukume. Walivuka kwa vikundi vidogo wakikwepa tundu, na Mzee Kondo akazikwa kando ya mama yake, bila kulipa, kama alivyoapa. Injinia Benjamin aliporudi, simu yake kwa askari ikiwa haijapokelewa, alisimama kando ya lile pengo la ubao, kofia yake ya kazi mkononi, na hakupanda tena kilimani kuwaita.

Bi. Romana aliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Tulikaa nje tukiwa na hakika kwamba kiinua mgongo kimekwenda. Aliulizwa kwa nini alimpitisha mtu bila malipo wakati amri ilikuwa wazi. Alijibu kwamba marehemu alilipa, tena alilipa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuvuka pale, na malipo yake yapo stoo, mapanga na mitarimbo, kamati ikayatazame. Injinia Benjamin, ambaye angeweza kujitetea kwa kumtosa, alisema pale pale kwamba bila mama huyu wangekuwa wanaopoa watu mtoni. Bi. Romana aliondoka na onyo tu.

Ubishi haukuishia hapo, na haujaisha. Waenda kwa miguu, wenye baiskeli na misiba hawalipi tena. Malori yanalipa. Bodaboda bado tunavutana, na mimi msimamo wangu unajulikana. Daraja jipya linajengwa, nguzo zimeshatoka majini. Mwezi uliopita Hussen alikuja stoo kuomba mtarimbo wa siku ile, maana amepata kazi kwenye msingi wa nguzo ya mwisho. Bi. Romana alimrudishia, baada ya kumdai machungwa.

Bi. Romana, idara inakushukuru kwa mikono yako, kwa hasira zako na kwa kutuvusha salama. Tunajua unahamia Mitwero kwenye nyumba yako, na tunakuombea afya, amani na wajukuu watundu. Lakini mimi ni mtani wako, na mtani haagi bure. Sherehe hii ikiisha nitalala mlangoni na sare yangu ya kazi, na hutoki mpaka uahidi kurudi kulivuka daraja jipya kwa miguu, mbele yetu sote. Ukitangulia kabla halijakamilika, mama, ujue nitalala hapo hapo barabarani kukudai, na safari hiyo sijui kama nitaweza kukutukana.

Valentini Chinguile
Dereva wa greda