Mafaili Mawili, Jina Moja

Ndugu zangu, sikusimama hapa kwa sababu mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Mimi nina kazi leo, na mama mmoja niliyemkosea hana shamba.

Miaka ya kwanza ya Uhuru niliajiriwa kutunza mafaili katika ofisi moja ya ardhi huku kwetu mlimani. Sitaitaja. Elimu yangu ilikuwa mwandiko mzuri tu. Aliyenitangulia alipanga mafaili kwa namba, na kila namba ilikuwa na kadi yake sandukuni. Nikaona hiyo ni kazi ya mtu asiyewajua wenyeji. Nikayapanga upya kwa majina. Watu wakanisifu: "Huyu karani kichwa yake ndiyo kabati!" Nami nikavimba, siwafichi.

Lakini mnajua tunavyoitana. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, basi majina yanarudi yale yale, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na wanaume watatu wanaofanana jina mpaka la baba. Nililijua hilo tangu utotoni. Na bado, siku moja nilipokuta mafaili mawili yenye jina moja na kijiji kimoja, nilisema, hapa wamerudia. Nikaweka karatasi zote katika jalada moja. Lile lililobaki tupu nikawashia jiko la chai, pamoja na kadi yake.

Mmoja wa wanaume wale alikuwa amekufa. Hati za kumiliki ardhi zilipotolewa, mashamba yote mawili yaliandikwa kwa yule aliye hai.

Mjane wa marehemu akaja.

"Karani, kuna watu wanang'oa viazi yangu. Ati shamba si yangu."

"Ngoja tutafute, mama."

"Utafute nini? Si wewe ndiye unajua kila mtu?"

Wenzangu wakacheka. Nikafungua faili, nikaona vipimo viwili tofauti na alama za vidole vya watu wawili. Nilijua saa ile ile. Nikalifunga, nikamwambia arudi Jumanne.

Ndugu zangu, alirudi Jumanne nyingi. Alikaa kwenye benchi, kikapu chake cha kiondo mapajani, akiniangalia. Nikaanza kunywa tangu asubuhi ili nisiyaone macho yake.

Kisha akaletwa mkubwa mpya wa mafaili, msichana aliyesomea kazi hiyo Nairobi. Akaniuliza, "Mzee, kadi ya shamba la huyu mama iko wapi?"

"Iko kichwani."

"Kwa hivyo ukifa leo tukuzike na shamba la watu?"

Hakuwa akitania. Nikalia mbele ya makarani wote, nikasema kila kitu. Akanipeleka kortini nikarudie maneno yale. Mwenye hati akasema, "Huyu ni mlevi, anaota." Hakimu akasema karatasi zilizochanganywa si ushahidi, akataka jalada la marehemu. Akataka kadi yake. Vyote viwili nilikuwa nimevichoma. Kesi ikatupwa, nami nikafukuzwa kazi. Mama yule akachukua watoto wake, akaenda Mwea kulima mpunga katika shamba la mradi wa serikali, ambalo halitakuwa lake kamwe.

Yule msichana hakuniacha. Kila Jumamosi alinifundisha: namba kwanza, jina baadaye, anayechukua faili atie sahihi, usichome karatasi mpaka watu wawili wawe wameisoma. Aliniombea kazi hospitalini, natunza kadi za wagonjwa. Pombe nimeiacha. Namshukuru yeye, namshukuru mke wangu aliyenivumilia, na nyinyi mlionifungulia mlango wa kanisa hili nikiwa bado nanuka pombe.

Mwaka huu nilikwenda Mwea kuomba msamaha. Nilimkuta ndani ya maji, anapalilia.

"Umeniletea shamba?"

"Hapana, mama."

"Basi umeniletea nini?"

Akainama, akaendelea na kazi. Nikarudi nyumbani.

Nawaambia nyinyi vijana mnaofanya kazi maofisini: ukikuta mafaili mawili yanafanana, usiyaguse. Toka nje, waite watu wote wawili, wasimame mbele yako. Na kama mmoja amekufa, mwite mke wake.