Ufunguo wa Valvu ya Tatu

Mwaka 1993 wakubwa wa mji wetu wa Kolwezi, Zaire, walihubiri demokrasia huku wakifukuza majirani zetu wenye asili ya jimbo la Kasai. Sijasahau. Ndani ya teksi-basi ya kwenda stesheni, tata Mukendi, mzee wa pompi ya maji ya mji na mmoja wa waliofukuzwa, alipakata ufunguo mrefu wa valvu za maji.

“Unamupelekea ule mwenye alichukua kazi yako?” mama Mujinga, abiria aliyeketi kando yake, alimcheka. “Tupa mu mutoni!”

“Valvu ya tatu inageuka kinyume, mama. Nisipomuonyesha, ataivunja. Weye unatekaka maji wapi?”

“Lakini treni itakuacha, tata!”

“Chofere, simama kwa pompi.”

Serikali pekee niliyoiona ikifanya kazi mwaka ule ilishuka na ufunguo wake. Treni ikapiga honi. Mama akapakata mizigo ya Mukendi.

“Chofere, zima moteri.”