Daftari la Mshonaji
Mama mshonaji hajamaliza kusimulia mtandao wa nyumbani kwake ulivyokuwa ukigoma na kurudi, abiria wa pembeni yake ndani ya basi, fundi wa mitandao, akamkatiza: "Ruta imechoka hiyo, mama. Nunua mpya."

"Nani kasema? Niliandika kila saa uliyogoma, kama ninavyoandika vipimo vya wateja. Kumbe ni saa za mechi za mpira! Mume wangu anachomeka ruta yake kuukuu chumbani atazame mechi, simu zetu zinakwenda kuuliza huko anwani za tovuti. Hiyo DNS yake, ile ya kutafuta anwani, inakodoa macho tu, haijibu."

"Umebahatisha, mama."

Mama akamtupia daftari mapajani. Fundi akalifungua akitabasamu; tabasamu likayeyuka. Basi likasimama, kondakta akaita mara mbili kituo alichoomba fundi kushushwa. Mshonaji alisikia vizuri, hakumshtua. Fundi alikuwa ukurasa wa tatu.