Kiti Nilichokalia Nikisubiri Kifo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na mlioko viti vya nyuma asifiwe kwenu pia, maana leo nina neno na viti.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Baraka, yule wa masjala. Kwa asiyejua, masjala ni chumba cha kutunzia mafaili ya ofisi, na mimi nimekaa humo miaka kumi na tisa, hapa hapa Kibaha. Nikisema nimekaa, ni kukaa kweli. Kiti changu kilikuwa na vigurudumu. Faili likitakiwa, nasukuma sakafu kwa mguu, nafika kabatini, navuta faili, narudi na kiti changu. Asubuhi bodaboda ananichukua mlangoni kwangu, mtaa wa Mkuza, jioni ananishusha mlangoni. Hata dukani, ambako ukikohoa nyumbani kwangu muuzaji anakwambia pole, nilikuwa naagiza.

Na watu walinisifu. "Mama Baraka umenawiri, mzee anakutunza." Nikawa natabasamu. Si mnajua wenyewe kwamba kwetu mtu mwenye nauli akionekana anatembea kwa miguu, tunaanza kuulizana amepatwa na nini.

Sasa niseme kilichonikalisha zaidi. Mama yangu alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka arobaini na sita. Mimi nilikuwa darasa la saba. Aliyenilea ni dada yangu Tumpe, aliyeolewa Kisarawe akawa analima mihogo na korosho. Dada naye akaugua titi. Akafariki akiwa na miaka arobaini na sita ile ile. Siku hiyo mimi nilikuwa na arobaini, nikapiga hesabu nikaona nimebakiwa na miaka sita.

Ndugu zangu, hapa naomba mnivumilie, maana jambo hili sijawahi kulisema mbele ya watu. Kaburi la dada lilichimbwa juu kwenye mikorosho yake, na vilima vya Kisarawe mnavijua. Jeneza likapandishwa, watu wakafuata wakiimba. Mimi nilifika kwenye kisiki cha kwanza, pumzi ikakata, miguu ikagoma. Wakanirudisha chini wakaniketisha kwenye kiti cha plastiki barazani. Nikasikia nyimbo kule juu. Nikasikia na majembe. Dada aliyeniogesha na kunisuka amezikwa, na mimi sikumtupia udongo.

Niliwaambia watu kwamba ni uchungu ulionizidi. Nilidanganya. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonishinda ni kilima. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini nisiyeumwa kitu, na sikuweza kupanda kilima ambacho mama mkwe wa marehemu alikipanda kwa fimbo.

Nikarudi Kibaha nikiwa nimeshajihukumu. Nikasema hii ni laana ya ukoo, zamu yangu inakuja. Nikaacha kwaya. Nikaanza kugawa vitenge vyangu vizuri. Baba Baraka, mume wangu, akigusia habari ya kupiga plasta nyumba, namjibu, "Utapiga na mke utakayemuoa." Nilifunga, niliomba, nilikesha, na yote hayo nikiwa nimekaa. Hospitali sikwenda. Niliogopa kuambiwa ninachokijua.

Nikiwa na miaka arobaini na nne, nikiwa naoga, nikagusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Wiki tatu sikumwambia mtu. Kilichonifungua mdomo ni kumkumbuka dada. Naye aliuficha uvimbe wake, akaufunika kwa khanga miezi na miezi huku analima, na alipofika hospitali madaktari walikuwa hawana tena la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Nikamwambia mume wangu. Hakuniuliza swali hata moja. Alivaa shati akasema, "Twende."

Vipimo vikachukuliwa, nikangoja majibu kwa siku kadhaa. Majibu yakaja: uvimbe upo, lakini si saratani. Nikapiga magoti pale pale kwenye korido! Muuguzi aliyekuwa na karatasi zangu, mama mmoja mfupi mwenye sauti kavu, aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mungu umeshamshukuru, vizuri. Sasa niambie, kwa siku unatembea kiasi gani?"

Nilichukia. Mtu nimetoka kaburini, ananiuliza habari za kutembea. Nikamwambia, "Dada, mimi nina laana ya ukoo. Kutembea kunahusiana nini?"

"Ukoo wako siwezi kukubadilishia," akasema, "ndiyo maana utakuja kupimwa kila tutakapokuita, usikose. Lakini mwili unaokaa kutwa nzima na kuongezeka uzito unajiongezea hatari ya saratani ya titi, ya utumbo mpana, hata ya mji wa mimba. Hilo unaweza kulipunguza mwenyewe, kwa miguu yako."

Nikamrushia swali nililodhani litamfunga mdomo. "Dada yangu alishika jembe maisha yake yote. Mbona amekufa?"

Akaziweka zile karatasi chini. "Pole sana, mama. Sikusema ukitembea huugui. Hatari ikipungua haina maana imekwisha. Hata mwenye helmeti anaweza kufa barabarani. Kwa hiyo tuvue helmeti?"

Nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Nilipanda gari nikiwa bado nimenuna, na nilipofika nyumbani ndipo neno lake likaanza kunichoma. Miaka minne nilikuwa namwomba Mungu aniongezee siku, na miguu aliyonipa sikuitumia hata kwenda dukani. Nikalia sana. Ndugu zangu, siku hiyo ndiyo nilifunguliwa. Uvimbe ule sio ulionifunga. Nilifungwa na hofu, na hofu ilinifunga kwenye kiti.

Jumatatu nikatoka kwa miguu. Niliweza nguzo tatu za umeme, nikasimama nikihema. Bodaboda wangu, Mzee Salumu, alinifuata taratibu pembeni, uso umemshuka. "Mama Baraka, nimekukosea nini? Kama umepata mwingine niambie tu, moyo utulie." Nilicheka mpaka pumzi ikaisha, na yenyewe ilikuwa chache.

Wiki haijaisha, nikapigiwa hodi. Mama Mchungaji na akina mama watatu wa kanisa hili, wamebeba sukari na mche wa sabuni. Msiinamishe vichwa, nawaona mlipo. Sukari na sabuni tunajua zinapelekwa kwa nani. Baba Baraka alitoka chumbani, akaiona ile sabuni, akauliza, "Nani amefariki?" Mama Mchungaji akanishika mkono akasema kwa upole, "Tumesikia unakwenda kazini kwa miguu. Humu ndani kuna amani?"

Nikawaeleza yote, mpaka habari ya kilima. Walipoondoka, mmoja wao alirudi akisema amesahau khanga yake. Khanga alikuwa nayo begani. Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye titi lake, nikagusa kitu kigumu kama kokwa ya ukwaju. Alikuwa amekificha tangu Pasaka.

Kesho yake tulikwenda hospitali wote wawili. Yake ilikuwa saratani. Lakini iliwahiwa, akapasuliwa, akapewa dawa, na daktari wake akamwambia atembee kadiri anavyoweza. Yupo humu ndani leo. Ameniruhusu kuyasema haya, jina akanikataza. Na barabarani, niwaambie ukweli, siku hizi ananiacha nyuma.

Nguzo tatu zikawa kumi. Kumi zikanifikisha kituo cha Picha ya Ndege na kurudi. Ofisini kiti chenye vigurudumu nimekirudisha stoo, nimeomba cha miguu minne, faili nalifuata mwenyewe. Kwaya nimerudi, mmenisikia. Vitenge sijadai, mvivae salama. Mzee Salumu tumepatana: Jumapili na siku za mvua ananibeba, siku nyingine ananipigia honi.

Mwezi uliopita nimetimiza miaka arobaini na saba. Mwaka ule niliouogopa umepita. Siku ile ile nikaenda Kisarawe, nikaanza kupanda. Kwenye kile kisiki nilisimama. Kipo bado, kimeota uyoga. Nikakipita. Nilipumzika mara mbili, jasho likanitoka, goti la kulia likanilalamikia, nikafika. Nikachota udongo kwa mikono miwili nikamtupia dada yangu. Nikamwambia, "Tumpe, nimechelewa. Lakini nimefika."

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba saratani haitanipata. Hilo analijua Mungu peke yake, na kabla mwaka huu haujaisha naenda kupimwa tena, kama yule muuguzi alivyoniagiza. Inaweza kuja. Ila ikija itabidi inifuate barabarani. Kitini haitanikuta.

Kwa hiyo nawaalika. Mwenye uvimbe anaouficha, asitoke hapa bila kunishika mkono, nitakwenda naye. Baba mwenye kitambi cha heshima na mama anayebebwa na pikipiki mpaka gengeni, kesho alfajiri saa kumi na mbili kasorobo tunaanzia getini hapa. Asiyeweza nguzo tatu aje na moja. Mwamini Mungu, ndugu yangu, umwamini huku unatembea.

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu kwa kuvaa lile shati, namshukuru yule muuguzi mwenye sauti kavu. Sasa tutaomba, nami nina ombi moja kabla hatujafumba macho. Viti viacheni. Tusimame.