Nilivyopunguza Dawa Nikichungwa na Mama Mkwe

Bwana asifiwe! Wale wa nyuma mmeitika kama watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia.

Mimi ni Muthama, fundi wa nguo hapa Mbumbuni. Wengine mnanijua kwa cherehani, wengine kwa mdomo. Sare za kwaya mnazoziona nilishona mimi, na yule aliyenenepa bila kuniambia, hiyo ni shauri yake.

Ndugu zangu, miaka ile ya themanini baba yangu alikufa, mama yangu akamfuata, na mimi nikazimika. Sina neno lingine. Nilikaa nikiangalia ukuta. Chakula kikiletwa, kinaondolewa vile kilivyokuja. Mteja alikuja akanitukana mbele ya watu eti nimemharibia suruali, na mimi nikamtazama tu. Mimi, Muthama, nimetukanwa na nimenyamaza! Soko lote likajua huyu anakufa.

Mke wangu, Mama Mwende, alinishika mkono kama mtoto, tukaenda hospitali kubwa Machakos. Daktari akasema huu ni ugonjwa wa huzuni, una dawa, akanipa vidonge. Na nisikizeni vizuri: vilinisaidia! Nilianza kula, nikarudi kwa cherehani, nikaanza tena kugombana na watu. Nilimshukuru Mungu kwa vile vidonge, na hata leo namshukuru.

Nilipokaa muda mrefu nikiwa mzima, daktari akasema sasa tunaweza kuanza kupunguza. Akanionya. Usiache mara moja, mwili umeizoea hii dawa, utalalamika. Tutapunguza pole pole, na ukiona ile huzuni inarudi, usingoje, njoo.

Sasa, wakati huo mke wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, na mtoto wetu Mwende alikuwa shule ya bweni. Mama Mwende akasema hataniacha peke yangu nikipunguza dawa. Akamwita mama yake kutoka Kilungu.

Ai! Mnacheka kwa sababu mnajua. Kwa wageni wetu ambao si Wakamba, niwaeleze: kwetu, mtu na mama mkwe wake wana nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anapinda kando. Mama mkwe kuingia chumba anacholala mkwe wake, hiyo hata haisemwi. Na huyu ndiye wa kunichunga!

Alilala jikoni, ile nyumba ndogo ya kando. Kila asubuhi aliweka kiti nje chini ya dirisha langu, akageuza mgongo, akasuka kiondo. Tuliongea kupitia ukuta.

"Baba Mwende, umelala vizuri?"

"Sijalala, Mama."

"Basi kunywa uji, nitauliza tena kesho."

Nilipofika nusu kidonge, mwili ukaanzisha vita. Jasho linalowesha shati nikiwa nimekaa tu. Kichwa kinazunguka, siwezi hata kutia uzi kwa sindano. Nikifunga macho, ndoto za kutisha. Jirani akasema hiyo ni malaria, akaniletea dawa za malaria. Mama akachemsha mwarobaini, akaupitisha dirishani, mkono tu ndio naona. Nikanywa vyote! Malaria haikutoka, kwa sababu haikuwemo.

Na hasira je? Nilimfukuza mteja kwa sababu ya kola. Siku moja nikaletewa muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, nikarudisha bakuli dirishani nikifoka kwamba hii chumvi ni ya kulisha ng'ombe. Namfokea mama mkwe! Nilimsikia tu akiomba huko nje, "Bwana, nipe subira na huyu, ama unipe fimbo."

Mchana huohuo machozi yakanijia bila sababu. Yakakataa kukauka. Nikajiambia, imerudi. Nikapanda kitandani nikageukia ukuta. Ndugu zangu, niliogopa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa napajua mahali pale. Nikasema kwa sauti, "Mama, mwambie binti yako nimerudi kule. Mwambie asiningoje."

Nikasikia kiti kikianguka. Mlango wa chumba ukafunguka, na mama mkwe wangu akaingia! Akaketi kitandani pangu, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili. Nilitafuta blanketi nijifunike kwa aibu, akalivuta.

"Baba Mwende, nilikuja kukuona ulipokuwa mgonjwa. Nilisimama mlangoni nikakuangalia. Ungepewa mchanga ungeumeza, maana hukuwa na habari. Leo umenifokea kwa sababu ya chumvi. Yule mgonjwa hakujua chumvi ni nini! Huu ni mwili unalalamika, kama daktari alivyosema. Kama nimekosea, atatuambia yeye. Kesho tunaenda."

Nikacheka huku nalia. Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu alipozungumza nami.

Tulikwenda kwa basi, yeye amekaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma kabisa. Daktari akanipima, akaniuliza mengi, akasema si ule ugonjwa. Tumeshuka haraka mno. Akaniongezea kidogo, akasema nikae hapo mpaka mwili utulie, ndipo tushuke tena, taratibu zaidi. Ilichukua muda mrefu. Kuna wakati nilikwama, tukangoja. Mwishowe nilimaliza, na mpaka leo mimi ni mzima.

Wazee walisema nthoni imevunjwa, lazima nitoe mbuzi. Nikatoa mbuzi, na blanketi juu. Wangesema ng'ombe, ningetoa!

Wewe unayemeza vidonge, usiende kuvitupa kwa sababu ya Muthama. Daktari akikwambia uvimeze maisha yako yote, vimeze, na Yesu anakupenda vilevile. Akisema punguza, punguzeni pamoja naye. Na umwombe Mungu akupe mtu mmoja wa kukaa karibu, anayekujua ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa. Mungu huyo mtegemee. Wengine huwatumia malaika. Mimi alinitumia mama mkwe.

Ameketi pale upande wa kina mama, ameinamisha uso kama inavyotakiwa. Mama, na mimi sikuangalii, naangalia dirisha. Ulimrudishia binti yako mume, na Mwende baba. Nakupenda sana, Mama.

Nimesema! Wazee, kama hiyo nayo ni mbuzi, kesho asubuhi nitaileta.