Chumvi Badala ya Magadi

MWALIMU: Haloo? Nani huyo ananong'ona?

FUNDI: Mimi, dada. Shikamoo.

MWALIMU: Marahaba. Mbona unaongea kama mwizi? Niko darasani mie, nina wanafunzi hapa—

FUNDI: Toka nje kidogo. Nimefungiwa stoo.

MWALIMU: Na nani?

FUNDI: Wifi yako. Hajui kama nimo. Anajua niko kibandani natengeneza redio za watu. Kapita hapa, kaona kufuli linaning'inia wazi, kalifunga.

MWALIMU: Na wewe ukamwangalia tu?

FUNDI: Nilibana pumzi.

MWALIMU: Usiniambie umerudia ule mtambo.

FUNDI: Dada—

MWALIMU: Uliapa! Mbele yangu, mbele yake, kichwa chake kimefungwa bendeji!

FUNDI: Nilikuwa nakaribia, dada! Jiko liwake kwa gesi ya maji yaliyopitishwa umeme wa betri, asinunue mkaa tena. Siki ilitoa vipovu viwili vitatu. Magadi ndiyo yalichemka vizuri, ila yameisha, na mengine yako jikoni. Angeniuliza ya nini. Humu kulikuwa na mfuko wa chumvi, basi nika— (anakohoa)

MWALIMU: Umetia chumvi?

FUNDI: Vijiko sita.

MWALIMU: Mungu wangu. Kunanukaje humo?

FUNDI: Kama dawa ya kung'arishia nguo. Macho yanawaka.

MWALIMU: Hiyo ni klorini! Sumu hiyo, we mtu! Sikiliza— haloo?

FUNDI: Nakusikia, inakwaruza tu. Nichomoe nyaya kwenye betri?

MWALIMU: Usiguse! Cheche moja tu na hiyo gesi yako ya maji, haidrojeni, unalipuka nayo. Taa usiwashe. Mlango usiugonge na chuma. Kuna dirisha?

FUNDI: Kitundu cha hewa. Nilikiziba na gunia, asinuse.

MWALIMU: Zibua! Weka pua hapo!

FUNDI: (kishindo, kikohozi kirefu) Tayari. Afadhali kidogo. Dada... namwona.

MWALIMU: Nani?

FUNDI: Mke wangu. Yupo uani, anaanika mashuka. Hatua kumi hivi.

MWALIMU: Basi mwite!

FUNDI: Nitamwambia nini? Alisema nikirudia, anaondoka. Njoo wewe na msumeno, dada, ukate kufuli polepole—

MWALIMU: Nikifika utakuwa maiti. Mwite!

FUNDI: Mama Pacha! ... Mama Pacha!

MWALIMU: Kasikia?

FUNDI: (anakohoa) Mke wangu! Nimo humu! ... Hageuki.

MWALIMU: Ongeza sauti!

FUNDI: Sauti inaisha, koo linakauka. Na kanipa upande wa kushoto.

MWALIMU: Sikio lile?

FUNDI: Sikio lile. Nililolilipua mimi.

MWALIMU: (anavuta kamasi)

FUNDI: Usilie, dada. Yaani yupo hapo hapo, naona hadi vibanio mdomoni mwake.

MWALIMU: Silii. Simu anayo?

FUNDI: Iko mfukoni, inatikisika akipigiwa. Salio langu linaisha sasa hivi, nasikia mlio.

MWALIMU: Kata wewe, nimpigie.

FUNDI: Utamwambia nini?

MWALIMU: Nitamwambia ageuke. Mengine utamwambia mwenyewe, na useme kwa sauti. Kata!