Kitabu Chini ya Kitenge

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Kimironko, hapa Kigali, kwenye baraza ya Aidah, fundi cherehani. Kinachotukusanya ni kahawa yake ya tangawizi. Anayekwambia anafuata hewa safi usimwamini. Siku hiyo benchi lilikuwa na mgeni mzito: bibliografia ya mazingira, kitabu kinene cha rejea chenye majina ya vitabu, makala na ripoti kuhusu udongo, maji na misitu. Alikileta Spéciose, mkutubi, akakificha chini ya kitenge cha mteja. Maktaba yake ilikuwa inaondoa kila kitabu cha rejea ambacho hakuna msomaji anayekiomba, na vinavyoondolewa huishia kwa watengeneza mifuko ya karatasi. Kikao cha kuamua kilikuwa kesho yake, na Spéciose alikaa kama mtu mwenye mgonjwa hospitali.

Twagirayezu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, ndiye aliyeanza.

— Madamu, kitabu hii iko na majina ya vitabu tu. Hii ni menyu bila chakula.

— Na wewe ukiingia mgahawani unaanza na menyu au unaingia jikoni kufunua masufuria? Spéciose akamuuliza.

Nkusi, tunayemwita Kampala kwa kuwa alikulia Uganda na kila mama kwake ni nyabo, akatoa simu.

— Hiyo kazi simu inafanya, nyabo. Sema unataka nini.

— Tafuta mikaratusi na chemchemi zinazokauka.

Kampala akabonyeza, akasogeza, akakunja uso.

— Inanionyesha miche ya kuuza. Na kiwanja, iko Masaka, bei ya maelewano.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Spéciose akafunua kitenge, akatafuta ukurasa polepole.

— Ona hapa. Chemchemi, halafu misitu ya kupandwa. Utafiti wa mwanafunzi, ripoti ya wataalamu wa maji, makala ya Kifaransa. Kila moja imeelezwa inahusu nini na inahifadhiwa wapi. Nyingine hazijawahi kuingia kwenye simu ya mtu. Kuna watu walizunguka maktaba kwa maktaba wakasoma yote haya, ili wewe usianze kwa kupapasa.

Mwanzoni nilikuwa upande wa Redio, lakini hapo moyo wangu ulihama. Niliwaheshimu watu hao nisiowajua.

Redio hakukubali kushindwa.

— Basi iko ya wezi. Inawaambia kila kitabu iko nyumba gani.

— Mwizi gani anaiba ripoti ya matope? Aidah akauliza, pini mdomoni.

— Mataifa makubwa. Yanataka kujua nchi gani bado iko na maji. Wakimaliza kusoma, wanakuja na mabomba usiku.

— Redio, kunywa kahawa, Aidah akamkata.

Hapo akafika Mukabalisa, mkulima wa Masaka, pembezoni mwa jiji, kuchukua gauni lake. Akaketi, akavua viatu.

— Poleni na kazi. Mimi leo nimechoka bure. Chemchemi yetu inakauka, na ushirika umegawanyika. Wengine wanataka tung'oe mikaratusi, wengine wanasema miti haina kosa. Nikatumwa maktaba kutafuta wataalamu walisema nini. Wananiambia kulikuwa na kitabu cha kunionyesha pa kuanzia, lakini kimepotea.

Spéciose akainamia kikombe chake.

— Ila kuna kitu sielewi, Mukabalisa akaendelea. Wanasema ni kizito, tena hakiruhusiwi kutoka mlangoni. Sasa kitabu cha namna hiyo kinapoteaje?

Kampala aliangalia simu iliyozima. Aidah alikanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Hata Redio alikata matangazo.

— Hakikupotea, dada, Spéciose akasema mwishowe, akavuta kitenge chote. Nimekiiba mimi. Niliogopa watakitupa kwa kukosa msomaji. Na msomaji alipokuja, mimi ndiye niliyemnyima.

— Basi nipe nisome.

— Hapa hapana. Ukisomea hapa ni kama hukusoma. Twende maktaba ukakiombe mezani uandikwe, kesho kikaoni niwe na la kusema.

— Na wakikuuliza kilikuwa wapi?

— Nitawaambia ukweli. Wanifukuze mimi, kitabu kibaki.

Akakibeba kwa mikono miwili. Aidah akakifunga kwenye kipande cha kitambaa, nasi tukaita moto mbili, pikipiki za abiria.

— Nyabo, Kampala akaita. Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro unakula udongo kila mvua. Hayo yamo humo?

— Yamo. Lakini njoo ukaombe mwenyewe.

Kampala akatazama simu, akaitia mfukoni, akaita moto ya tatu.

Redio akasogeza kikombe. Aidah akainamisha birika, halikutoa kitu.

— Imeisha.

— Basi na mimi naenda, Redio akasema, akijipangusa suruali. Kuangalia tu kama wezi iko.

Nikaenda naye.